Mnaoanza supakondakta: acheni kukimbiza rekodi, ulizeni waya

Naandika hii kwa wadogo zangu mnaoanza, iwe uko mwaka wa tatu pale Mlimani unatafuta projekti ya fizikia, iwe umeajiriwa juzi kwenye hospitali yenye MRI, ile mashine ya sumaku ya kupiga picha ndani ya mwili, hapa mjini na umeambiwa kabla hujagusa kitu ujue kwanza ndani ya lile dude kuna nini. Maswali mnayoniletea wasap yanafanana, karibu wote mnaanza na lile lile, kaka shikamoo, supakondakta yenye joto kubwa kuliko zote saa hizi ni ipi. Marahaba, swali sio baya, ila ukianzia hapo utapotea, maana kwenye kazi hii namba ya joto ndo rahisi kukumbuka kuliko zote afu ndo ya mwisho kukusaidia. Mi nawashauri mshike familia moja ya zamani isiyo na kelele, inaitwa A15, jina la namna atomu zake zilivyojipanga, muijue kuanzia ilivyookotwa kwa kuchanganyikiwa hadi ilivyokuja kuwa waya wa maelfu ya kilomita. Ukiielewa hiyo, hizi nyingine zote utazisoma kirahisi.

Kwa asiyejua kabisa niweke msingi fasta. Kuna vitu, ndo hizo supakondakta, ukivipoza chini ya joto fulani, ndo hilo joto mnaloniuliza, ukinzani wa umeme unaisha, sisemi unapungua, unaisha, ukizungusha mkondo kwenye koili iliyofungwa unaendelea kuzunguka bila betri wala jenereta. Aliyeona kwanza ni Heike Kamerlingh Onnes kule Leiden, Uholanzi, mwaka 1911, kwenye zebaki, karibu kelvini 4.2, yani kama nyuzi 269 chini ya sifuri. Aliweza kwa sababu 1908 alikuwa ameshaigeuza heliamu kuwa kimiminika. Hapo ndo wengi mnaishia kusimulia kwenye semina, na mnaacha sehemu tamu. Onnes hakutaka maajabu ya kuonyesha wageni, alitaka sumaku. Akawaza koili ya supakondakta itakayotoa gausi laki moja, sawa na tesla 10 (vyote vipimo vya nguvu ya sumaku), bila kula umeme, kumbe ile risasi aliyokuwa anaitumia ukiiweka kwenye uga sumaku wa tesla 0.06 hivi tu inaacha, inarudi kuwa metali ya kawaida. Ndoto ikalala karibu miaka hamsini. Kwa hiyo andika kwenye daftari lako leo: supakondakta ina mipaka mitatu, joto, uga sumaku na mkondo, na mipaka hiyo inavutana, ukisogea karibu na mmoja ile mingine inashuka. Mtu akikutajia joto peke yake ujue kakupa theluthi ya habari.

Sasa familia yenyewe. Mwaka 1931 Hartmann, Ebert na Bretschneider walikuwa wanapitisha umeme kwenye chumvi ya fosfeti iliyoyeyushwa wakapata tangsteni yenye mpangilio wa atomu ambao haukuwahi kuonekana, wakaona ni aina mpya ya tangsteni tupu. Baadae watu wakaanza kubishana kwamba pale ndani kuna oksijeni imejichanganya, mabishano hayo yakachukua muda mrefu, lakini mpangilio wenyewe ulikuwa wa kweli, na 1933 ukaonekana tena bila utata kwenye mchanganyiko wa kromiamu na silikoni, Cr3Si. Huo ndo mpangilio wa A15, na kuanzia hapo wakaanza kuuona kila mahali, kanuni yake ni atomu tatu za metali moja kwa atomu moja ya nyingine.

Usiangalie picha ya kwenye slaidi ukasema umeelewa. Chukua karatasi uchore mchemraba. Weka atomu ya aina ya pili, tuseme bati, kwenye kila kona na moja katikati. Afu kwenye kila uso wa mchemraba weka atomu mbili za niobiamu, zikae kwenye mstari mmoja unaopita katikati ya uso, nyuso zinazotazamana mistari yake iende upande mmoja, na hizo jozi tatu za nyuso mistari yake iwe inaelekea pande tatu tofauti. Sasa hesabu: kona nane kila moja inatoa thamani ya atomu moja ya nane, jumla moja, ongeza ya katikati, mbili. Nyuso sita zenye atomu mbili mbili zinazogawana na jirani, sita. Sita kwa mbili, tatu kwa moja, ndo Nb3Sn hiyo. Ukiunganisha michemraba mingi utaona niobiamu zimejipanga minyororo mirefu inayokwenda pande tatu bila kukatana. Na kwenye huo mnyororo zimebanana, umbali wake ni nusu ya ubavu wa mchemraba, ubavu ni nanomita 0.529 kwa hiyo kati ya niobiamu na niobiamu kuna kama nanomita 0.265, wakati kwenye niobiamu tupu ni 0.286. Watu wa nadharia walihangaika sana na hiyo minyororo, miaka ya sitini Labbé na Friedel wa Ufaransa walijenga modeli nzima juu yake wakisema ndo inayorundika elektroni nyingi kwenye nishati moja, na leo tunajua mambo sio mepesi hivyo, ila kwa kuanza picha ya minyororo inakubeba vizuri.

Mwaka 1953 George Hardy na John Hulm, Chuo Kikuu cha Chicago, wakapoza V3Si, vanadiamu na silikoni, wakakuta inaacha ukinzani kwenye kelvini 17. Mwaka uliofuata Bernd Matthias na wenzake wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, wakapata Nb3Sn, niobiamu na bati, kelvini 18. Huyu Matthias msomeni, jamaa alikuwa na njia yake, hakuwa mtu wa kungoja nadharia, alichanganya metali na metali, anapima, anaandika, anaenda nyingine. Akagundua ukihesabu elektroni za nje kwa kila atomu kuna namba ambazo supakondakta nzuri zinapenda. Fanyeni wenyewe: niobiamu ina 5, tatu zake ni 15, bati lina 4, jumla 19 gawanya kwa atomu 4 unapata 4.75. V3Si inatoa 4.75 hiyo hiyo. Nb3Ge, ya jemaniamu, 4.75. Nb3Al, ya aluminiamu yenye elektroni 3, inatoa 4.5 na yenyewe inafika karibu kelvini 19. Hesabu ya darasa la saba kabisa na ilitangulia nadharia, maana Bardeen, Cooper na Schrieffer walikuja kueleza kwanini supakondakta zinafanya kazi 1957.

Ila angalieni hili, maana ndo kiini cha ninachotaka kuwaambia. Nb3Sn imepatikana 1954. Ilikaa miaka saba. Ilikuwa namba tu kwenye jedwali, rekodi ya joto, watu wanaipigia makofi. Hakuna aliyekuwa ameiweka kwenye uga mkubwa halafu akaisukumia mkondo mkubwa kuona itavumilia kiasi gani, na sababu mojawapo ni kwamba lenyewe ni kavu, linavunjika, huwezi kulivuta likawa waya. Mwaka 1961 Kunzler na wenzake hapo hapo Bell Labs wakafanya ujanja ambao mi nauheshimu kuliko rekodi zote: wakachukua unga wa niobiamu na unga wa bati, wakaujaza kwenye bomba la niobiamu, wakalivuta lile bomba hadi likawa waya likiwa bado ni unga ndani, ndo wakalichoma kwenye tanuru unga ukageuka Nb3Sn ukiwa tayari uko kwenye umbo la waya. Wakaweka kwenye heliamu, kwenye tesla 8.8, na kiini chake kikapitisha zaidi ya ampia laki moja kwa kila sentimita ya mraba. Ukitaka kuelewa ukubwa wake, hiyo ni ampia 1,000 kwa milimita moja ya mraba, wakati waya wa soketi nyumbani kwako, ule wa milimita mbili na nusu, fundi umeme anauwekea ampia 20 hivi kwa waya mzima. Na huo wa nyumbani hauko kwenye sumaku ya tesla 8.8. Ndoto ya Onnes ikafufuka pale.

Kwanini Nb3Sn iliweza na risasi ikashindwa? Hapa someni polepole maana mtaulizwa kwenye intavyuu. Risasi ni ya aina ya kwanza, inaufukuza uga sumaku wote, ikishindwa inashindwa moja kwa moja. Familia ya A15 ni aina ya pili, inauruhusu uga uingie kwa vijinyuzi vyembamba vyembamba huku sehemu nyingine ikiendelea kuwa supakondakta, Abrikosov ndo alieleza hilo 1957 na Nobel akaja kupewa 2003, mzee wa watu alisubiri. Sasa ukipitisha mkondo, vile vijinyuzi vinasukumwa, na vikianza kutembea vinaleta ukinzani na joto. Lazima vishikiliwe. Kwenye Nb3Sn vinashikiliwa na mipaka kati ya chembe na chembe ya fuwele, kwa hiyo unataka chembe ndogo ndogo nyingi. Ukipika sana chembe zinakua, mipaka inapungua, waya unakuwa na fuwele nzuri lakini mkondo umeshuka. Mtu anayetoka darasani akiwa anaamini fuwele safi kubwa ndo bora anashangaa sana hapa.

Baada ya Kunzler kazi ilikuwa kutengeneza waya wa kweli, mrefu, wenye nyuzi nyembamba ndani. Karibu na 1970 Marekani, Japani na Uingereza wakafika kwenye njia inayofanana: unachukua fito za niobiamu unazizamisha kwenye aloi ya shaba na bati, unavuta yote pamoja, unapoona inakuwa ngumu unaipasha ilainike unavuta tena, unarudia mara nyingi hadi nyuzi zinafika maikromita chache. Mwisho unaichoma kwenye joto la kama nyuzi 650 za selsiasi kwa siku nyingi, bati linatoka kwenye shaba linaingia kwenye niobiamu, Nb3Sn inaota pale pale. Shaba ina kazi ya pili, bila yenyewe ungehitaji joto la zaidi ya nyuzi 900 za selsiasi kupata Nb3Sn, yenyewe inaishusha. Na kwa kuwa ikishaota haikunjiki tena, sumaku kubwa unazungusha koili kwanza waya ukiwa bado mlaini ndo unaichoma koili nzima, kama mfinyanzi anavyomaliza umbo la chungu kabla ya kukitia motoni. Hii ina maana huwezi kutumia vanishi ya kawaida ya mota kutenganisha waya na waya, itaungua, wanatumia nyuzi za kioo, afu ikishapoa ndo wanaimiminia epoksi kuishika isicheze, kwa sababu ikivutwa hata sehemu ndogo ya asilimia moja uwezo unashuka.

Mnaona shida zote hizo? Na bado watu wanaitumia, kwa sababu ikiwa kwenye heliamu inavumilia zaidi ya tesla 20. Mradi wa ITER kule Cadarache, Ufaransa, ule wa kujaribu kuunganisha viini vya atomu kama jua linavyofanya, koili zake kubwa 18 zinazozunguka pete ni za Nb3Sn, na nguzo ya katikati inayofika tesla 13 ni Nb3Sn, jumla waya wa zaidi ya kilomita 100,000, ambao ungeizunguka dunia mara mbili na ukabaki. CERN, maabara ya fizikia ya chembe kule mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wanatengeneza kwa Nb3Sn sumaku mpya za kukusanya miale ya chembe, ili kuongeza migongano kwenye ile mashine yao ya kugonganisha chembe ya kilomita 27. Na zile mashine za wanakemia za kusoma molekuli, zikipita uwezo wa waya wa niobiamu na titaniamu, nitakaoueleza chini, kuna koili ya Nb3Sn ndani yake. Kitu cha 1954 hicho.

Sasa linganisheni na ndugu yake. Mwaka 1973 Gavaler wa Westinghouse, kampuni ya umeme ya Marekani, akapata Nb3Ge kwenye kelvini 22 na kidogo, baada ya muda mfupi Testardi na wenzake wa Bell Labs wakaifikisha 23.2. Rekodi ya dunia, ikakaa miaka 13. Kila kitabu kinaitaja. Nionyesheni sumaku hata moja inayofanya kazi hospitalini iliyotengenezwa na Nb3Ge. Hamna. Ule muundo wenye joto kubwa hauko tulivu, ukiipika kawaida haukai, waliupata kwa kuujenga utando mwembamba juu ya kitu kingine, na utando ule haukuja kuwa waya wa kuzungushia sumaku. Niseme tu ukweli, wanafunzi wengi wanaofika kwangu wanaijua Nb3Ge na hawajui waya wa MRI umetengenezwa na nini.

Umetengenezwa na niobiamu na titaniamu. Hata sio A15. Joto lake ni kelvini 9 na kitu, nusu ya Nb3Sn, mwisho wake ni tesla 10 au 11 hivi ikiwa kwenye heliamu ya kelvini 4.2, kwenye jedwali la rekodi hata hulitazami mara mbili. Lakini linavutika, linakunjika, linazungushwa kwenye koili likiwa tayari, haliogopi kushikwa, na MRI nyingi za hospitali ni tesla 1.5, chache 3, kwa hiyo linatosha na linabaki. Karibu kila MRI mnayoiona hapa Dar inaendeshwa na hilo. Ndo maana nikisikia mtu anasema material fulani ni bora kwa sababu joto lake ni kubwa namuuliza, bora kwa nani, kwenye uga gani, na nani kakutengenezea kilomita moja yake?

Matthias alikuwa na kanuni zake maarufu, tafuta fuwele yenye ulinganifu mkubwa, elektroni nyingi, kaa mbali na oksijeni, kaa mbali na usumaku, kaa mbali na vihami (vitu visivyopitisha umeme), na kaa mbali na wanadharia. Zilimpa familia nzima hii. Alifariki 1980, na 1986 Bednorz na Müller wa IBM Zürich wakatoa supakondakta yenye shaba na oksijeni, kitu ambacho kikiwa bado hakijachanganyiwa atomu nyingine ni kihami tena chenye usumaku, ikaipita Nb3Ge, na 1987 ikaja ya itiriamu iliyofika kelvini 93. Mwaka 2008 kikundi cha Hosono, Japani, kikaja na za chuma, chuma kabisa chenye usumaku wake, kelvini 26. Mimi simcheki Matthias, kanuni zake zilikuwa za kweli kwa eneo alilokuwa anachimba. Ila we mwanafunzi ukipewa kanuni na supavaiza uliza imetoka kwenye data ya vitu gani. Na kuna magnesiamu daiboraidi, ilikuwa inajulikana tangu miaka ya hamsini, haina maajabu, hakuna aliyeipoza akaipima vizuri hadi 2001 kikundi cha Akimitsu kikakuta kelvini 39. Imekaa kwenye kabati muda wote huo!

Kwa nyie mliopo kazini kwenye MRI niongeze mambo machache ambayo darasani hayasemwi. Sumaku ile iko juu muda wote. Umeme ukikatika taa zinazima, kompyuta zinazima, sumaku haizimi, na mlinzi au dada wa usafi anaweza kudhani mashine imelala akaingia na ndoo ya chuma. Ambieni kila mtu, kila mwezi, sio mara moja. Kinachozima umeme ukikatika ni chila, mtambo wa kupoza maji, na kompresa ya kupoozea, na hizo zisiporudi heliamu inaanza kuchemka taratibu inaondoka, kwa hiyo jenereta ya hospitali isiishie kwenye tieta na friji za damu, chila nayo iwekwe kwenye orodha. Mji wetu huu joto na chumvi ya bahari vinakula mapezi ya chila hadi unashangaa, kama hospitali iko karibu na pwani kagueni na kusafisha mara kwa mara, msisubiri alamu. Na andikeni kiwango cha heliamu kwa mkono kwenye daftari hata kama mashine inajiandikia yenyewe, jicho lako likizoea namba utaona inaposhuka kabla ya mtu wa kampuni kukupigia.

Kwenchi ikitokea, yani sehemu ya waya imepata joto ikaacha usupakondakta na nishati yote ya sumaku ikageuka joto, heliamu inachemka kwa haraka sana na kila lita ya kimiminika inakuwa gesi zaidi ya lita 700. Mashine za kawaida zina lita elfu moja na mia kadhaa, piga hesabu mwenyewe. Inatakiwa itoke nje kwa bomba lake. Bomba likiwa limeziba, ndege kajenga kiota au mjenzi kapachika kitu juu yake, inaingia chumbani inafukuza oksijeni, na kama mlango unafunguka kwa ndani presha inaweza kuubana usifunguke. Jueni mlango wenu unafunguka upande gani leo hii kabla ya siku hiyo. Na kile kitufe chekundu cha kwenchi sio cha kuzima mashine ikileta shida ya programu, ni cha mtu aliyebanwa na chuma, kwa sababu ukikibonyeza umemwaga sehemu kubwa ya heliamu, na kuirudisha hapa nchini ni hela nyingi na muda mrefu.

Nikigusa heliamu lazima niseme la nyumbani. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza gesi ya heliamu bonde la Rukwa. Niobiamu ipo Panda Hill, jirani na Mbeya mjini. Bati linachimbwa Kyerwa, Kagera, lile lile bati lililomo kwenye waya wa kuchomelea wa mafundi simu wa Kariakoo. Yani waya wa Nb3Sn na kimiminika cha kuupoza, malighafi zake zote ziko ndani ya mipaka yetu, na nikisema hivyo mnafurahi sana. Tulieni kwanza. Sehemu kubwa ya niobiamu ya dunia inatoka Brazili, na nyingi inaishia kwenye chuma cha mabomba na madaraja, waya wa supakondakta unakula kidogo tu. Kutoka kwenye jiwe la Mbeya hadi kwenye niobiamu safi inayoweza kuvutwa nyuzi nyembamba kuliko unywele kuna kazi ya metalajia, ufundi wa kusafisha na kuunda metali, ambayo ndo utajiri wenyewe ulipo. Mtu anayetaka projekti yenye maana asiniletee ya kutafuta supakondakta ya joto la chumbani, aniletee ya kusafisha niobiamu, au ya kuvuta shaba na bati bila kupasuka. Hizo zinafanyika kwa vifaa ambavyo mnaweza kuvipata, na hazina foleni.

Kuhusu kupima, msiogope kwamba hatuna heliamu ya kuchezea. Naitrojeni ya kimiminika ipo nchini, wafugaji wanaitumia kutunzia mbegu za ng'ombe za uhimilishaji, kituo cha taifa kiko Usa River, Arusha, na ina kelvini 77, inatosha kabisa kwa ile ya itiriamu. Vaa miwani na glavu, dirisha wazi, chombo usikifunge kwa mfuniko wa kubana kitalipuka. Ukipima ukinzani tumia nyaya nne, mbili za kupeleka mkondo na mbili za kusomea volti, maana ukitumia mbili unapima waya wako na viungio vyako. Geuza mwelekeo wa mkondo usome tena uchukue wastani wa tofauti, hapo volti ndogo zinazoletwa na joto kutofautiana zinajifuta. Pima wakati wa kupoza na wakati wa kupasha, mikunjo miwili isipolala pamoja basi kipimajoto chako kiko mbali na sampuli.

Na ukinzani kushuka ghafla peke yake haitoshi kusema umepata. Mnakumbuka 2023 ile LK-99 ya Korea Kusini, iliyodaiwa kuwa supakondakta ya joto la chumbani, mtandao mzima ulilipuka, vijana wanaringa kwamba fizikia imekwisha. Kilichoonekana kama ukinzani unaanguka kwenye nyuzi 104 za selsiasi kilikuwa ni uchafu wa salfaidi ya shaba, ambao unabadilisha muundo wake kwenye joto hilo hilo, na fuwele safi zilipotengenezwa zikakutwa ni vihami. Kwa hiyo mdogo wangu, siku ukiniletea grafu, niletee na kipimo cha sumaku kinachoonyesha uga unafukuzwa, niletee mkunjo ukiwa ndani ya uga wa nguvu mbili tatu tofauti nione joto linashuka, na uandike chini ya grafu umeweka mkondo kiasi gani. Ukija na hivyo vitatu tutakaa hata hadi saa tatu usiku.